Kapita wa Mulongo wa Zambi

Niseme mara moja: sikumupenda. Bantu ya parokia yetu bakikuambia leo kwamba ule muzee alikuwa karibu mutakatifu, ubasikilize paka kwa adabu tu, ni bantu ya kusahau upesi. Miye sisahau. Ule muzee alikaribia kunipotezea mutoto wangu wa kwanza, na mutoto mwenyewe hakumugusa hata ukucha. Alinigusa miye, kwa bega, na ncha ya fimbo yake ya mwanzi, akasema neno moja: «Nyuma.»

Alikuwa kapita wa kanisa. Kwa kazi ya kompani, kapita ni ule anayesimamia bafanyakazi benzake. Kwa kanisa yetu, pale Élisabethville, kapita alisimamia bakristu kama vile tulikuwa mawe ya kupakia mu mabehewa. Jina lake lilikuwako, lakini hakuna aliyelitumia, hata bibi yake. Alitoka wapi na kwa ukoo gani, sijui, sikuuliza. Muntu akikukasirisha hauna nafasi ya kuuliza ukoo wake.

Alikuwa mufupi, mwembamba, na kofia ngumu ya kizungu, nyeupe, aliyoivaa kwa kutoka kwake mpaka mulango wa kanisa, basi. Pale aliivua, akaiweka kwa dirisha ya sakristi, na ole wako uiguse. Siku moja kuku ya Padri iliingia mu ile kofia wakati wa misa, ikataga yai. Misa ilipokwisha Kapita akaona yai, akawaza sana, akarudi ndani na kumuuliza Padri mbele ya bantu bote kama yai ni ya kanisa ao ni ya mwenye kofia. Padri akasema chukua. Basi alitembea kichwa wazi mu jua kali mpaka kwake, kofia mu mikono miwili, polepole, kama Padri anavyobeba kikombe. Batoto bakamufuata bakiimba litania. Hakugeuka. Alikuwa na yai.

Siku ya Mungu ndiyo ungemuona vizuri. Banaume kuume, banamuke kushoto, yeye katikati na mwanzi. Ukisinzia, mwanzi kwa sikio: «Lala kwako. Hapa ni kwa benyewe.» Lakini yeye alilala kila mahubiri! Alilala wima, mikono juu ya fimbo, mudomo wazi, na nani amuamushe? Fimbo ikiteleza alishtuka, na kwa kuficha haya alimupiga jirani wa karibu. «Unalala!» Bantu balijua, kwa hiyo viti ya karibu naye ilijaa paka bageni tu.

Na imbwa! Siku moja imbwa iliingia mu kanisa, katikati ya mahubiri, ikatembea mbele kama muntu anayetafuta kiti. Kila kapita mwengine angeifukuza. Yeye hapana. Alisimama katikati, akauliza kwa sauti kubwa:

— Hii imbwa ni ya nani?

Padri naye akaacha kuhubiri, akangoja jibu.

— Kama ni ya mupagano, itatoka na fimbo. Kama ni ya mukristu, itatoka muzuri. Ya nani?

Mukubwa wa baimbaji, muntu wa koti na tai, aliangalia juu, akasoma dari. Imbwa ikapita mbele ya bantu bote, ikaenda moja kwa moja kwa biatu yake, ikalala. Kapita akainama, akaibeba kwa mikono, akaitoa inje kwa heshima yote. Mukubwa wa baimbaji hakuimba Credo siku ile.

Kwake, sasa, hakuwa kitu. Bibi yake alikuwa munene na mupole, na alimutuma kama katoto. «Kapita, maji.» Alileta maji. «Kapita, kuni.» Alileta kuni. Kuku zenyewe hazikumuogopa. Zilikula mu sahani yake naye akizielezea kwamba si vizuri. Siku ya tatu, ni kusema Jumatano, aliosha viti ya kanisa, siku ya tano wakati wa Kwaresima alitangulia mu Njia ya Musalaba, na pale Bwana wetu anapoanguka yeye aligeuka kutuangalia sisi, moja kwa moja, kama vile tulimusukuma. Alisema neno lake mara nyingi: «Mungu hana haraka, lakini Padri iko na njala.» Tulicheka. Ningefanya muzuri kama ningesikiliza.

Tufike kwa siku ya posho.

Siku ya posho ni Jumamosi. Asubuhi kompani inagawa chakula ya yenga, ya siku saba: unga, mafuta, samaki ya chumvi. Kisha saa ya jua kulegea, bale banaotaka komunyo ya kesho banaenda kuungama. Padri anaingia mu kasanduku kake, anaketi, na sisi tunasimama mulongo, inje, kufuata ukuta wa kanisa. Kapita njo yeye aliyepanga ule mulongo. Na hakuupanga kwa kufuata nani alifika wa kwanza. Alipita mbele yako, akakuangalia toka kichwa mpaka biatu, akakugusa bega na mwanzi. «Mbele.» «Katikati.» «Nyuma.» Akakwenda kwa mwengine. Hakuelezea.

Hakuelezea, basi bantu bakajielezea benyewe. Mbele kabisa alipanga batoto na babibi bazee. Kwa hiyo mbele ni zambi ndogo: kuiba sukari, kusahau sala. Katikati ni pombe na kusengenya. Na nyuma? Nyuma, ndugu yangu, ni mambo ya kitanda na ya kisu. Kila muntu wa kambi alijua vile, hakuna aliyefundishwa.

Ngambo ya barabara banamuke baliketi na sahani ya karanga. Eti banauza. Hakuna aliyenunua karanga saa ile. Baliita ile mahali «Sinema».

— Umeona? Mama wa nyumba ya kona amerudi nyuma.

— Si nilisema? Bwana yake iko safari.

— Ao! Na yenga jana alikuwa katikati.

— Zambi inakomaa, mama. Pitisha karanga.

Banaume nabo balikuwa na ujinga wabo. Kulikuwa dereva mumoja wa kamio ya mizigo, kifua kama mulango, na kila posho Kapita alimutia mbele, kati ya batoto ya komunyo ya kwanza. Vichwa yabo ilifika kwa mukaba wake.

— Baba Kapita, miye naye? Na hii batoto?

— Mbele.

— Barafiki yangu banaangalia!

— Mbele.

Dereva akaenda kunywa kwa kusudi, akapigana, akarudi posho ingine na jicho limevimba, anatabasamu. Kapita akaliangalia jicho. «Mbele.» Ule muntu mukubwa karibu alie.

Miye nilisoma kwa Masista, mpaka madarasa ya juu, na Masista balinifundisha kuchunguza roho muzuri: zambi, na sababu yake, na nani alikuwako, na alisema nini. Nilipoolewa mu ile kambi Kapita alinitia katikati. Sawa. Kisha nyuma kidogo. Kisha nilizaa Alfonsi, na nilipotoka kitandani nikaenda kuungama, mwanzi ukanisindikiza mpaka mwisho wa ukuta, kule kwa kona, nyuma ya muntu mumoja aliyejulikana kambi nzima kwa kuiba baiskeli. Nyuma yake! Mwizi akageuka, akaniangalia kwa heshima.

Zambi yangu ilikuwa nini? Ilikuwa hasira. Tu. Nilikuwa na hasira juu ya bwana yangu wa kazi ya reli, anayerudi na kuuliza «chakula iko wapi» kama vile chakula iliondoka na treni. Hasira juu ya jirani. Na sasa hasira juu ya Kapita, ile ndiyo kubwa. Nilimuambia Padri yote, na sababu zake. Posho ingine: nyuma. Nikamuambia Padri tena, na kuongeza. Posho ingine: nyuma.

Ningevumilia. Lakini mama mukwe akafika.

Alitoka Pweto, kule kwa ziwa Mweru, na mizigo ya samaki kavu, kuona mujukuu. Sauti yake ilitangulia kushuka kwa kamio, yeye alifuata. Yenga ya kwanza alimubeba Alfonsi, akamuimbia, nikasema muzuri, nitapumzika mikono. Siku ya posho banamuke ya karanga bakamupa kiti. Bakamuelezea mbele ni nini, katikati ni nini. Kwa ile ya nyuma balinyamaza kwa adabu, na kule kunyamaza kulitosha. Kisha akaniona kule kwa kona, na mwizi wa baiskeli mbele yangu.

Jioni aliweka sahani ya bukari, ule ugali wetu, chini bila kuigusa.

— Mutoto wa Masista, alisema. Umefanya nini?

— Sikufanya kitu, mama.

— Muntu hasimami kule juu ya hakuna kitu. Posho ingine nitaangalia tena. Ukiwa bado paka kule, Alfonsi ataenda na miye Pweto. Atakomaa kwetu, kwenye bantu safi, mpaka tujue huku kunafanyika nini.

Nilimuangalia bwana yangu. Alikuwa anachunguza mwiba wa samaki.

— Sema kitu!

— Mama anasema tu, alijibu. Na weye naye... haiwezekani akutie hata katikati?

Katikati! Kama vile ni kiti ya sinema na ninachagua. Sikulala muzuri yenga ile, nawaambia wazi. Mutoto alikuwa bado ananyonya, na ule mama hakuwa muntu wa kusema tu. Alishamunyang'anya binti yake wa kwanza mutoto hivi hivi, juu ya kikohozi, na mutoto ule alirudi akimuita mama yake «shangazi».

Posho iliyofuata nilitoa herini. Nilivaa kikwembe nyeusi ya kilio, nikatia rozari kwa shingo, nikamufunga Alfonsi mugongoni ili Kapita aone kwamba niko mama wa muntu. Niliangalia chini kama picha ya Bikira. Mwanzi ukanigusa.

— Nyuma.

Ngambo ya barabara nilimusikia mama mukwe akipumua. Kutoka pale! Na jioni ile alianza kukunja nguo za mutoto, moja moja, akizitia mu kasha yake. Alisema kamio ya Kasenga inaondoka kiisha siku ya Mungu ya yenga inayokuja, kisha batapanda mashua mpaka Pweto. Yeye na mujukuu.

Siku ya tatu nilienda kanisani. Kapita alikuwa peke yake, suruali imekunjwa mpaka magoti, anaosha viti na maji na mchanga. Sikumusalimia.

— Baba Kapita, unajua zambi yangu gani?

— Sijui.

— Basi juu ya nini unanitia nyuma?

Aliendelea kusugua.

— Miye sijui zambi ya muntu hata moja, mama Alfonsi. Padri anajua. Miye najua midomo.

— Midomo gani?

— Muntu anayesema kifupi, mbele. Muntu anayesema kirefu, nyuma. Nikitia barefu mbele, babibi bazee batasimama mu jua mpaka baanguke, na Padri hatakula. Ule dereva anasema maneno ine, anatoka. Weye... — akatikisa kichwa — Weye ukiingia, miye naenda kumwagilia maua. Nikirudi bado iko mukono wako unatokea pembeni, unaelezea.

Niliketi juu ya kiti chenye maji bado.

Mnaelewa? Nilikuwa nyuma juu nilisema kirefu. Nilisema kirefu juu nilikuwa na hasira. Na nilikuwa na hasira juu nilikuwa nyuma! Karibu mwaka muzima ule muzee na miye tulizungushana kama punda wa kisima, na mwizi wa baiskeli naye alikuwa paka muntu wa kigugumizi tu.

— Bantu banasema nyuma ni uzinzi! nililia.

— Banasema, ee.

— Na weye unajua banasema vile!

— Najua.

— Basi baambie! Siku ya Mungu, simama pale mbele, useme: ni midomo, si zambi!

Pale aliacha kusugua, akaniangalia kama muntu aliyeombwa avue suruali.

— Mama, nikisema vile, kesho yake nani atanyamaza mu mulongo? Sasa banaogopa, banajichunguza, banasimama wima. Nikisema ni midomo, itakuwa soko.

— Mama mukwe wangu atanichukulia mutoto, Baba Kapita! Atamupeleka Pweto!

Nilisema na mengine. Nilisema kofia, nilisema yai, nilisema kulala mu mahubiri, nilisema yote. Yeye alisikiliza, maji yakidondoka kwa mikono. Nilipomaliza alisema:

— Unaona? Hata sasa umesema kirefu.

Akageukia kiti kingine. Nilipiga ndoo yake teke, ikamwagika mpaka altareni, na nikatoka.

Sasa sikieni posho ya mwisho, ile kabla ya kamio. Kasha ilikuwa imefungwa kamba. Mama mukwe akasema hawezi kusafiri juu ya maji bila kuungama. Alivaa kikwembe yake ya sikukuu, yenye ndege nyekundu, akapita mbele ya Sinema yote akisalimia kulia na kushoto, akaenda kusimama mbele kabisa, kwa batoto, mbele ya dereva. Hakungoja kupangwa. Muntu safi anajua mahali yake. Miye nilienda mwenyewe kwa kona, nikasimama na Alfonsi mugongoni, na nilikuwa nawaza namna gani nitakimbia naye, na kwenda wapi.

Kapita akaanza kupita. Akafika mbele. Akamuangalia mama mukwe toka kilemba mpaka biatu. Mwanzi ukapanda.

— Mama. Nyuma.

— Nani?

— Weye, mama.

— Miye? Baba, miye ni mugeni! Natoka Pweto! Niko na bajukuu kumi na...

— Nyuma.

Karanga zilimwagika kule Sinema, nilisikia. Mama mukwe akasogea katikati, kwa hasira, akijifanya amechagua. Mwanzi ukamufuata. Nyuma. Akapita mwizi. Akanifikia miye, akataka kusimama mbele yangu. Mwanzi ukaingia kati yetu, muzuri tu, kama mulango unaofungwa.

— Nyuma, mama. Mwisho.

— Nyuma ya huyu?

Aliusema ule «huyu» mpaka Padri akachungulia. Basi akasimama pale, mwisho wa mulongo wote, mwisho wa ukuta, na kambi nzima inamuangalia, na hakuwa na mahali pa kuweka mikono. Niliungama mbele yake. Siku ile nilisema kifupi, nilikuwa na haraka ya kutoka kuona. Yeye aliingia, na kengele ya jioni ikapigwa, na bado alikuwa ndani. Tulisikia sauti yake mpaka barabarani. Si maneno, sauti tu. Padri alitoka amefuta uso.

Kule kwetu alikula kwanza. Kisha:

— Ule muzee iko na wazimu, alisema. Mulongo yake haina maana hata kidogo. Bantu ya hapa ni bajinga, kuamini fimbo.

— Ee, mama, nilisema.

Bwana yangu alichunguza mwiba. Mama mukwe akafungua kamba ya kasha, akatoa nguo za Alfonsi, akazirudisha mahali yake bila kuniangalia. Kamio ilimupeleka peke yake.

Nilibeba swali moja kiisha pale, na sikumuuliza Kapita, juu tulikuwa hatusalimiani, sababu ya ile ndoo. Mama mukwe hakuwa ameungama kwetu hata siku moja. Kapita angepima namna gani mudomo usiojua?

Kisha Padri mupya akafika, kijana. Akaondoa mulongo. Anayefika wa kwanza, anaingia wa kwanza, basi. Bantu balichanganyikiwa: hakuna aliyejua tena nani amefanya nini. Sinema ikafungwa. Kapita macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akaacha kazi, akahamia na bibi yake kwa binti yabo, mu sité ya Kenya, mutaa wa mule mule Élisabethville. Na miye, mama mukwe aliponiletea samaki wa Mweru, mukubwa, mukavu, wa kunuka mpaka kwa jirani, nilisema: huyu si wetu. Nilimufunga mu karatasi, nikamushika Alfonsi mukono, alikuwa sasa anatembea, tukaenda Kenya.

Kapita alikuwa ameketi juu ya kasha ya bia, anapanga tofali kwa nyumba ya kuku. Kuku zilitembea juu ya tofali.

— Ni nani?

— Ni mama Alfonsi, Baba Kapita. Yule wa ndoo.

— Ah. Ndoo.

Nilimuwekea samaki kwa magoti. Alimunusa, akafurahi, akaficha furaha.

— Ya nini?

— Ya asante. Juu ya ile posho, ulimutia mama mukwe nyuma yangu. Uliniokolea mutoto.

— Miye? Hapana.

— Namna gani hapana?

— Nilimusikia akisalimia bantu barabarani. Sauti vile! Nikasema, huyu ni murefu. Nyuma. Ni kazi, mama. Mambo ya mutoto sijui. Hakuna muntu aliniambia.

— Miye nilikuambia! Pale kwa viti!

— Ulisema mambo mengi pale kwa viti. Sikushika yote.

Damu ikanipanda. Siku zote zile nimebeba asante ya muntu ambaye hakunipa kitu! Nikamuomba bibi yake kisu. Nikamukata yule samaki katikati, mbele yake, nikamuachia mukia, nikafunga kichwa mu karatasi yangu. Sioni haya. Samaki ya Mweru si ya kutupa. Bibi yake alicheka mpaka akashika ukuta. Kapita alisema tu:

— Ni haki.

Nilikuwa nimefika kwa mulango wa uzio wa lupango, Alfonsi mukononi, alipoita.

— Mama. Huyu kadogo njo yule wa Pweto?

— Wa Pweto gani? Hakuenda Pweto.

— Ee, alisema. Njo vile. Hakuenda.

Akainama upesi, akaanza kugombeza kuku. Kuku hazikumusikiliza. Mutoto na Pweto: nilimuambia vile mara moja tu, pale kwa viti. Nilisimama pale mulangoni na kichwa cha samaki kwa kwapa, nikawaza kila tusi nililojifunza na nisilojifunza kwa Masista. Kisha nikarudi, nikaweka kichwa juu ya mukia, kwa magoti yake, na nikaondoka na hasira yangu yote, juu sikujua tena niitie wapi.